Ombi la Kumzuia Fundi Asifungue Ukuta wa Bafu Langu Kabla Sijafa

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Mafundi Bomba.

Ndugu Mwenyekiti,

Nyuma ya ukuta wa bafu langu, kimo cha goti, nimeficha jambo kwa miaka thelathini na minane. Mke wangu alikufa bila kulijua, ingawa aliitafuta tai yangu ya shule kwa muda mrefu na kumshuku mbuzi wa jirani. Wanangu wameoga mbele ya ukuta huo mpaka wakaota ndevu na kuvunja ungo, hawakulijua. Niliazimia kwenda nalo kaburini, na kaburi lenyewe haliko mbali: daktari wa moyo ameniambia kwa upole nisianze kusoma kitabu kirefu. Kwa hiyo nilikuwa nimebakiza hatua chache tu. Sasa mwanachama wenu mmoja amekuja na nyundo, na Jumatatu saa mbili asubuhi anataka kuufungua ukuta huo.

Naandika kuomba azuiwe.

Unisamehe mwandiko. Naandika kitandani, nimewekewa mito mitatu mgongoni, na mkono wangu siku hizi unakwenda unakotaka. Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja nilifundisha watoto wa mji huu kuandika barua rasmi, na inawezekana aliyekufungulia bahasha hii ni mmoja wao. Kama ndiye, mwambie aketi wima.

Chama chenu kinanifahamu. Nilipojenga nyumba hii, mabomba ya maji machafu yalilazwa na fundi ambaye mtaa mzima ulimwita Pimatena, kwa sababu hakukata bomba bila kulipima mara ya pili. Yalikuwa mabomba ya chuma cha kusubu, yale meusi mazito, ambayo ncha ya bomba moja huingia katika mdomo mpana wa jingine, kisha fundi hushindilia katani yenye lami na kumimina juu yake risasi iliyoyeyushwa. Wiki mbili baadaye kiungo kimoja kilivuja. Niliwaandikia kurasa nne. Mlimnyang'anya Pimatena kadi ya uanachama katika siku tisa, na katibu wenu wa wakati huo akanijibu kwamba barua yangu ilikuwa mfano wa uandishi bora. Hamkumtuma mtu hata mmoja kuja kulitazama bomba. Sikulalamika juu ya hilo wakati ule, na silalamiki sasa. Adabu ile ile ndiyo ninayoiomba tena.

Nieleze tulifikaje hapa. Naishi na binti yangu, kitinda mimba, na mumewe. Mwezi uliopita nilishindwa kuinua mguu wa pili kuvuka ukingo wa beseni la kuogea, nikabaki nimesimama na mguu mmoja ndani na mmoja nje, kama mtu anayefikiria kuhama. Binti yangu akaamua bafu lijengwe upya kwa ajili yangu: beseni liondoke, sakafu iwe tambarare, vyuma vya kushikia viwekwe ukutani. Nilimshukuru. Sikujua kwamba mtu akishaamua kukutendea wema, haishii kwenye vyuma vya kushikia.

Sasa malalamiko yangu dhidi ya fundi huyo, ambaye ni mwanamke wa miaka arobaini hivi.

La kwanza: anawahi. Alisema atakuja saa mbili, akaja saa mbili kasoro dakika tano. Mafundi wenye ubinadamu wanajua kwamba "nipo njiani" ni mahali ambapo mtu anaweza kuishi wiki nzima, na wiki hiyo humsaidia mwenye nyumba kujipanga, kusogeza kabati, hata kufariki. Huyu hakunipa nafasi.

La pili: ana heshima kupita kiasi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Aliniamkia "Shikamoo, Mwalimu," akangoja niitikie kabla ya kuinua kichwa. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kiti, kofia mapajani, akaniambia kwamba mabomba ya nyumba hii yalilazwa na baba yake, na kwamba baba yake amemtuma anisalimie.

Ndiyo, Ndugu Mwenyekiti. Ni binti wa Pimatena. Nimesubiri tusi kutoka nyumba ile kwa miaka thelathini na minane. Nilishaandaa majibu, tena ya namna tatu, yote yenye sarufi safi. Akaniletea salamu. Salamu mtu anaijibuje, zaidi ya kuipokea?

La tatu: anagonga mabomba. Hagongi kwa fujo, maana hapo ningeweza kumshtaki kwa kelele. Ana nyundo ndogo yenye mpini uliolika kwa kushikwa, na anaufahamu mpini huo nami naufahamu. Anagonga mara moja, anainamisha kichwa, anasikiliza. Aliwaeleza binti yangu na mumewe kwamba chuma cha kusubu kikiwa kizima hulia kama kengele, na kikiwa na ufa hutoa sauti ya mtungi uliopasuka. Nyumba hii ina viungo kumi na viwili. Alivigonga vyote, vingine vikiwa wazi chini ya sakafu, vingine kwa kupitisha fimbo ya chuma kwenye tundu alilotoboa ukutani. Kumi na kimoja vililia vizuri hivi kwamba nilidhani ni saa ya mapumziko na watoto wanatoka madarasani. Baada ya miaka yote hiyo havijatoa hata tone. Cha kumi na mbili kiko katika ukuta unaotenganisha bafu na chumba changu, jirani na mto wangu. Kilitoa sauti ya mtungi.

Naomba izingatiwe kwamba mimi nimelala na kiungo hicho kwa muda wote huu bila kukisumbua kwa maswali. Doa lilipotokea ukutani upande wangu, sikukimbilia nyundo. Niliweka kabati la nguo mbele yake. Kabati lilipooza mgongo, niliweka la pili. Sasa ni kabati la tatu. Huo ndio utunzaji wa nyumba.

La nne: hataki kufunika. Mkwe wangu ni kijana mwenye busara, anafanya kazi katika ofisi yenye vioo pande zote. Alimwambia, "Fundi, wewe bandika vigae juu, nani ataona?" Akajibiwa, "Kigae hakizibi, bosi. Kinanyamazisha tu." Wazee wetu walisema la kuvunda halina ubani, lakini walisema hivyo kabla vigae havijaletwa madukani, na mtu aliyesoma lazima akubali kwamba maarifa yanasonga mbele.

Mkwe wangu akaja na wazo la pili: mabomba yote ya chuma yang'olewe na kuwekwa ya plastiki. Nililiunga mkono wazo hilo kwa nguvu zangu zote, mpaka nikakohoa. Niliongeza sharti moja dogo, kwamba yale ya zamani yavunjwe vipande mara moja na kubebwa kwenye magunia bila mtu kuyaangalia. Binti yangu aliniuliza, "Baba, kwa nini yasiangaliwe?" Nikamwambia ni kwa sababu ya afya. Fundi akakataa. Alisema kuvunja kizima kwa sababu ya kibovu ni uvivu wenye gharama. Atakikata kipande kibovu tu kwa mnyororo wa kukatia, atie bomba la plastiki mahali pake, na aunganishe na chuma kwa mpira unaokazwa na vibano. Kazi ya asubuhi moja. "Hivi vingine," alisema akivipigapiga kama mtu anayesifu ng'ombe, "viliungwa na mtu anayejua." Alisema hivyo bila kunitazama. Ningependelea anitazame.

La tano, na hapa ndipo naomba Chama kichunguze mitaala yake: anajua kusoma nyufa. Nilimsikia akimweleza binti yangu jikoni, wakinywa chai, wakidhani nimelala. Alisema kiungo kilichomiminwa vibaya huvuja kuzunguka risasi, lakini mdomo wa bomba hubaki mzima. Ukiona mdomo wenyewe umepasuka kutoka juu hadi chini kwa mstari mmoja, usimlaumu aliyemimina. Hapo kuna mtu alikitia baridi chuma kingali cha moto. "Ufa ni kama mwandiko, dada," alisema. "Ukiuona unajua ni wa nani."

Mimi nimefundisha mwandiko, Ndugu Mwenyekiti. Nilidhani kazi hiyo ni yetu sisi. Enzi zangu fundi alifundishwa kushika bomba na mwalimu alifundishwa kushika kalamu, na kila mmoja akabaki upande wake wa ukuta. Na pale mambo yalipogongana, kalamu ndiyo iliyosikilizwa. Mfumo huo ulinifaa sana.

La sita linamhusu baba yake, na naliona kuwa kubwa kuliko yote.

Pimatena hakuwahi kuja kunilalamikia. Mlipomnyang'anya kadi hakuna aliyempa kazi ya bomba tena. Alifunga jiwe la kunolea kwenye baiskeli akawa mnoa visu. Mtaa ukambadilishia jina, akawa Bwana Mvujo. Watoto walikimbia nyuma ya baiskeli wakiliimba jina hilo, na walikuwa wamevaa sare ya shule yangu. Niliwasikia nikiwa barazani kwa ofisi yangu. Mimi niliyewachapa watoto kwa kusahau nukta sikumwita hata mmoja. Kila mwezi alipita mlangoni kwangu, na mke wangu alimpelekea visu, naye alivinoa vikakata kama wembe. Hiyo nayo ni dharau ya aina yake. Mtu aliyeonewa na nyumba fulani anapaswa kuinolea nyumba hiyo visu vibaya.

Sasa macho yake yamekwenda, masikio ndiyo yaliyobaki. Bintiye alipomwambia amepata kazi katika nyumba hii, hakusema asiende. Alimpa nyundo yake, akamwambia, "Kaligonge. Ukirudi uniambie lililia vipi." Nimeyapata haya kutoka kwa binti yangu, ambaye aliyasimulia mezani akitabasamu, kwa kuwa kwake ni hadithi nzuri.

Hilo ni dai la namna gani? Mtu aliyedhulumiwa hudai fidia, hudai kuombwa radhi, hudai kitu ambacho kamati inaweza kukiahirisha. Yeye anadai sauti. Alipoambiwa kuhusu vile kumi na kimoja, nasikia aliinamisha kichwa akaomba arudiwe. Kuhusu cha kumi na mbili hajaambiwa kitu. Bintiye amesema hatamwambia mpaka akione kwa macho, kwa sababu baba yake hapendi habari nusu. Ndiyo maana Jumatatu ni siku mbaya kwangu. Jumatatu jioni mzee kipofu ataambiwa kama aliharibu kazi yake mwenyewe au hakuiharibu, na atalala akijua.

Kutokana na hayo, naleta maombi yafuatayo, na mtachagua mtakaloona jepesi.

(a) Ukuta usifunguliwe mpaka nizikwe na udongo ukae vizuri.

(b) Ikishindikana, ukuta huo utangazwe kuwa nguzo ya jengo isiyoguswa. Naweza kuthibitisha kwamba umebeba vitu vizito: jina langu lililoandikwa juu ya mlango wa ukumbi wa shule, hotuba zangu kumi na nane kuhusu uaminifu, na jinsi binti yangu anavyonitazama anaponiletea dawa.

(c) Ikishindikana hilo, itungwe kanuni kwamba hakuna fundi atakayefungua ukuta katika nyumba ya mtu mwenye cheo bila idhini ya kamati ya watu wenye vyeo. Fikiri mwenyewe. Wakianza na bafu la mwalimu, watakwenda kwa daktari, kutoka kwa daktari waende kwa hakimu, na mwishoni watafika kwako. Sijui nyuma ya ukuta wako kuna nini, Ndugu Mwenyekiti. Najua tu kwamba bafu unalo.

(d) Yote yakishindikana, binti huyu anyang'anywe kadi kama baba yake. Sababu zitapatikana. Niko tayari kuziandika, kurasa nne, na mimi bado ni mfano wa uandishi bora.

Mtu asiyesoma anaweza kuuliza: na jina la Pimatena je? Nimelifikiria jambo hilo usiku na mchana, na jibu ni rahisi. Jina la Pimatena limeshachakaa. Limetumika vibaya kwa miaka thelathini na minane na limezoea. Langu bado ni jipya, halijawahi kutumika vibaya hata siku moja. Kulichafua sasa, mwenyewe nikiwa nimebakiza wiki chache za kulivaa, ni ubadhirifu. Isitoshe, lipo ukumbini kwa rangi ya mafuta. Nani atapanda ngazi kulifuta?

Hayo ndiyo malalamiko yangu. Natumaini hamtamtuma mtu kuja kuchunguza. Hamna desturi hiyo.

Nifikishie salamu kwa Katibu, kwa Mtunza Hazina, kwa wajumbe wote wa kamati, kwa anayewachemshia chai na kwa wanachama wote wenye mikono. Msalimie pia yule katibu wa zamani aliyeipenda barua yangu, kama angali hai, na kama amekufa mwambieni mwanawe kwamba baba yake alikuwa msomaji mwepesi wa kuridhika.

Ni mimi, mwenye ukuta,

Mwalimu Mkuu Mstaafu.

Nyongeza.

Nilimaliza barua hii jana, Ijumaa, nikaiweka chini ya mto. Leo asubuhi fundi amekuja tena. Hakuwa na miadi. Alimwambia binti yangu kwamba anataka kupima kipande atakachokikata, na alikuwa ameshakipima. Amepima tena. Kisha akakigonga kiungo cha kumi na mbili, na kati ya nyundo yake na kichwa changu kulikuwa na matofali matatu. Sauti ile imenipita mwilini. Halafu akasema kutoka upande wa pili wa ukuta, kwa sauti ya chini, "Pole, Mwalimu. Nimekuamsha?"

Nilitaka kumjibu kwamba sikuwa nimelala. Badala yake nikaitoa barua hii chini ya mto.

Ndugu Mwenyekiti, futeni (a) mpaka (d). Ukuta ufunguliwe Jumatatu saa mbili, na muwatume watu wawili waje kuona, wenye macho mazuri. Nimewaambia binti yangu na mumewe waondoe kabati. Watakuta matofali matatu yaliyopangwa upogo na mtu asiyejua uashi, nyuma yake bonge la saruji, na ndani ya saruji tai ya bluu yenye mistari ya njano, imefungwa kuzunguka mdomo wa bomba kwa fundo la mtu aliyekuwa na haraka. Mbuzi wa jirani naye hana hatia.

Kadi ya Pimatena mpelekeeni mkononi, msiiache kwa posta. Msomeeni kilichoandikwa, kwa kuwa hawezi kusoma, na asomaye awe mmoja wa wale waliokimbia nyuma ya baiskeli. Mtampata kwa urahisi. Wengi wao sasa ni watu wazima wenye vyeo.

Na bintiye ampe habari nzima, si nusu. Siku ile, saa sita mchana, Pimatena alimaliza kumimina kiungo cha mwisho, akafuta mikono, akaniambia, "Mwalimu, liache bomba lipoe lenyewe. Chuma hiki hakitaki kuharakishwa. Kesho nitakuja kulijaribu kwa maji, ndipo tufunge ukuta." Akaenda kula. Mkaguzi wa shule alikuwa afikie kwangu kesho yake saa tatu, na mimi nilitaka akute bafu limekamilika. Nilikuwa na digrii. Nilijua kwamba kitu cha moto hupozwa kwa kitu cha baridi. Chuma kililia mara moja, kama rula inayovunjika juu ya dawati. Asubuhi Pimatena alirudi akakuta ukuta umefungwa na mgeni yuko sebuleni. Aliomba aligonge mara moja tu. Nilimfukuza mbele ya mkaguzi.

Ndoo ya maji baridi niliimwaga mimi.